Nimezila korosho zingali maua

Barua ya juma hili imetoka wilaya ya Newala, mkoani Mtwara. Tumeondoa mambo yanayoweza kumtambulisha mwandishi. Mengine tumeyaacha kama alivyoyaandika.

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, nina mke na watoto watatu. Tunaishi kijijini, tunalima mihogo, mbaazi na korosho. Mikorosho yetu ni 45. Ishirini niliipanda mwenyewe. Ile 25 ni ya mama mkwe, alimpa mke wangu tulipooana, kwa kuwa mimi ndiye niliyehamia kwao, mila zetu unazijua. Ila katika daftari la chama chetu cha msingi cha ushirika yote imeandikwa jina langu, na malipo yanaingia kwenye akaunti yangu.

Tatizo lilianza Juni. Mikorosho ilikuwa inatoa maua na ilitakiwa kupuliziwa. Salfa ya ruzuku tulipata, lakini mashine ya kupulizia sina, inakodiwa, na petroli ni juu yako. Ndani hapakuwa na hata elfu kumi. Siku hizohizo dada yangu akaniletea taarifa kwamba mpwa wangu anaingia unyagoni. Mjomba wa yule mtoto ni mimi peke yangu, kaka yetu mkubwa alishafariki.

Kuna mzee kijiji cha jirani ananunua kangomba, yaani korosho kwa bei ya chini nje ya mnada wa chama. Si mtu mbaya, Shangazi. Nilikwenda kwake jioni, tukakaa barazani, akanipa chai na mihogo ya kuchemsha, tukazungumza habari za mvua na za marehemu baba yangu, nikajikuta nimeshapokea Sh 360,000 kwa makubaliano ya magunia matatu ya kilo 80. Ukipiga hesabu ni Sh 1,500 kwa kilo. Najua mnadani inakwenda mara mbili na zaidi. Najua pia imekatazwa. Lakini Juni hakuna mnada. Juni kuna maua tu.

Nilipofika nyumbani mke wangu akaniuliza hela ya mashine nimeipata wapi. Nikajikuta nimemwambia rafiki yangu wa Masasi amenikopesha elfu sabini. Kweli elfu sabini ilikwenda kwenye mashine na petroli. Laki moja na nusu nikampa dada kwa ajili ya unyago. Iliyobaki, laki na elfu arobaini, siwezi kukueleza ilikwendaje. Kioo cha simu kilivunjika. Kukawa na mechi, na mikeka miwili mitatu ya kubeti ikachanika. Pale kilabuni nako watu wakishajua umeshika hela hawakuachi. Julai inaisha, nikajikuta sina hata ya sabuni.

Sasa ni Oktoba na korosho zinadondoka. Mke wangu na binti yetu wanaokota tangu alfajiri. Kila ndoo ikijaa, mke wangu anachora mstari kwa mkaa nyuma ya mlango wa stoo, mistari mitano mitano, ule wa tano analaza juu ya mingine. Juzi usiku nilikwenda nikaihesabu kwa tochi ya simu kama mwizi. Nakadiria msimu huu tutapata magunia sita tukijaliwa.

Yule mzee naye alipita. Hakugomba. Alisimama uani, akamwamkia mke wangu vizuri, akanigeukia akasema, "Mwanangu, msimu umefika." Akaenda zake. Mke wangu akauliza alikuwa anataka nini. Nikasema alikuwa anapita tu.

Kabla ya hapo, Septemba, mke wangu alishaniambia: "Mwaka huu hela nishike mimi, mtoto amemaliza la saba." Nilikasirika sana. Nikamuuliza kwani mimi nimekuwa mtoto. Hakujibu, akaendelea kushona magunia. Tangu siku ile hatuzungumzi sana, ni habari za chumvi na maji tu.

Shangazi, sikuwa hivi. Tangu msimu wa 2018 sijakaa sawa. Mwaka ule nilikuwa na mipango ya bati, korosho zikachukuliwa, malipo yangu yakachelewa, nikakopa huku nikalipe kule, na mpaka leo kila msimu unanikuta na deni la msimu uliopita. Rafiki zangu wananiambia nisijisumbue, hapa kila mtu Juni anakula kangomba, ndio msimu ulivyo.

Kuna jambo dogo limetokea, sijui hata kwa nini nakuandikia. Mwanangu wa kiume ana miaka tisa. Juma lililopita nilimpa mbuzi akachunge. Mbuzi wakaingia kwenye shamba la jirani wakala mihogo, mashina sita, majani yote. Nikamwita nikiwa nimeshika fimbo, nikamuuliza mbuzi wamefikaje kule. Akasema, "Nilijikuta nimelala, baba." Shangazi, mkono ulishuka wenyewe. Sikumpiga. Nilikwenda kukaa chini ya mkorosho mpaka giza likaingia.

Naomba ushauri. Nimpe mzee magunia yake kimyakimya, nimwambie mke wangu ugonjwa wa ubwiriunga umetuharibia mikorosho? Au nipeleke zote chamani, nimwambie mzee sheria hairuhusu? Na je, haya ni makosa yangu au ni maisha tu ya huku kwetu? Mwanamume anatakiwa abebe mzigo wake mwenyewe, lakini huu umenielemea.

Baba wa Watatu, Newala

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma jikoni nikisubiri maji ya chai, yakachemka mpaka yakakauka. Sufuria nimeiunguza mimi, sikusingizii wewe.

Pole. Nasema pole kabla ya yote kwa sababu naona umeandika usiku, na naona kuna mahali umefuta ukaandika tena.

Nikikuelewa, umeniletea mambo mawili yaliyofungwa kwa kamba moja. Kuna deni la magunia matatu, na hilo lina mdai, lina uzito, na siku yake imeshafika uani kwako ikakuamkia. Halafu kuna swali ulilolitupia mwishoni kana kwamba ni la kupitia tu: ni makosa yangu au ni maisha. Deni umelibeba tangu Juni. Hilo swali nadhani umelibeba tangu 2018, ndiyo maana nitaanza nalo.

Mwaka 2018 nilikuwepo Mtwara, naukumbuka. Minadani wanunuzi walileta bei chini ya Sh 3,000, wakulima wakagoma kuuza. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua kwa Sh 3,300 na jeshi likaingia kazini kusomba korosho. Ukafuata uhakiki, na watu wengi wakakaa muda mrefu wakingoja majina yao yapite. Watu walikuwa na mipango ya bati kama wewe, wengine ya harusi, wengine ya hospitali. Atakayekuambia kwamba ule ulikuwa uzembe wako, mpishe njia. Hukupanga bei wewe, wala hukusimamisha malipo. Siku hizi kuna watu wanahubiri kwamba kila kilichokupata ulikichagua, eti badili akili utatoboa. Waje Newala wakati wa kiangazi wanunue maji kwa dumu, halafu tuendelee na mahubiri.

Ila mtoto aliyezaliwa msimu ule, mwanangu, leo anajua kusoma. Nakuuliza bila ubaya: ile laki na elfu arobaini ya Julai mwaka huu, 2018 iliichukuaje?

Hebu turudi kwenye maneno yako mwenyewe. Mzee alikupa chai na mihogo, "nikajikuta nimeshapokea". Mkeo aliuliza, "nikajikuta nimemwambia". Julai ikaisha, "nikajikuta sina hata ya sabuni". Mara tatu. Ya nne haikuwa yako, ilikuwa ya mtoto wa miaka tisa aliyesimama mbele ya fimbo. Umesema mkono ulishuka wenyewe. Sitaki kukujibia, mtu aliyekaa chini ya mkorosho mpaka giza nadhani jibu analo. Nakusifu tu kwamba ulishuka.

Kiswahili chetu kina huruma, kinatupa pa kujifichia. Glasi imevunjika. Gari limeniacha. Hela imeisha. Mikeka yako nayo "ikachanika", kama vile ilikuwa nje kwenye upepo. Sote tunasema hivyo, hata mimi. Kwa hiyo nina kazi ndogo nataka uifanye kabla hujaenda kwa mzee wala kwa mkeo. Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, uandike barua yako upya, na kila penye neno la kujificha uweke lako. Nilipokea. Nilimdanganya. Nilicheza mikeka. Nilinunua pombe. Utaona sentensi nyingine zinakubali kugeuka na nyingine zinakataa. "Malipo yalichelewa" hutaweza kuandika "nilichelewesha malipo", itakuwa uongo. "Juni hakuna mnada" nayo itabaki palepale, kwa sababu ni kweli mkulima anakaa miezi bila kipato huku mti unadai kupuliziwa. Zile zitakazokataa kugeuka ni za msimu, uziache kwa msimu. Zile zitakazogeuka ni zako. Sidhani kama zitakuwa nyingi kama unavyoogopa.

Na ya unyago? Hapo nataka tukae kidogo, kwa sababu sentensi ile itakusumbua.

Mtu wa mbali angekuambia laki na nusu ya ngoma ni ufujaji. Mimi ni wa huku, siwezi kusema hivyo. Mjomba ni mjomba. Kaka yenu hayupo, mtoto wa dada anatoka mwali watu wanatafuta mjomba yuko wapi, na wewe uangalie pembeni? Aibu ile ungekufa nayo. Kwa hiyo kutoa ulikuwa huna budi. Lakini laki na nusu nani aliitaja? Dada alikupa hesabu ya mchele, khanga na kuku, au kiasi hicho ulikitoa kinywani mbele ya watu? Nakuuliza kwa sababu mimi niliwahi kusimama ngomani Mikindani nikaahidi elfu hamsini nisiyokuwa nayo, na sababu pekee ni kwamba mwenzangu aliyenitangulia aliahidi arobaini. Ngoma ilinidai kutoa. Zile kumi za kumpita mwenzangu nilijidai mwenyewe, nikazilipa kwa miezi minne. Huenda wewe haikuwa hivyo. Wewe ndiye uliyekuwepo.

Sasa tuje kwenye magunia.

Umeniletea njia mbili na zote, samahani, ni za kujificha. Ya kwanza ni kumpa mzee kimyakimya na kuusingizia ubwiriunga. Mwanangu, na ile mistari ya mkaa? Mwanamke anayeinama tangu alfajiri, akajaza ndoo, akachora, hutamwambia korosho hazikuzaa. Aliziokota kwa mikono yake. Labda akunyamazie, kama alivyonyamaza siku anashona magunia, na sijui kama huo ukimya utauweza kwa mwaka mwingine. Uzuri wa njia hii ni mmoja tu, mzee atapata chake na neno lako kwake litasimama. Sitaki kulidharau hilo. Mtu aliyekupa hela siku ambayo hakuna mwingine aliyekupa, unamheshimu.

Ya pili ni kupeleka zote chamani na kumwambia mzee sheria hairuhusu. Ni kweli hairuhusu. Kangomba imepigwa marufuku, na sababu unaiona kwenye hesabu yako mwenyewe: hata mnada ukilipa Sh 3,000 tu, magunia matatu ni Sh 720,000 kabla ya makato, na wewe uliyauza kwa nusu yake. Hiyo ni faida iliyotoka kwenye shida yako, na chai ya barazani haiifuti. Lakini Juni ulikuwa unaijua sheria hiyohiyo. Ukiikumbuka Oktoba peke yake, mzee atasema nini juu yako, na wewe utajiambia nini? Sisemi umpe. Nasema tu kwamba mtu anaweza kuitumia sheria kama ulivyokuwa unautumia msimu.

Kuna njia ya tatu hukuitaja. Kwenda kwa mzee kabla hajarudi, ukamwambia korosho zitakwenda mnadani, na malipo yakiingia utamrudishia fedha yake na kitu juu mtakachokubaliana. Akikubali, unapunguza hasara na unatoka kwenye biashara iliyokatazwa. Hatari zake pia nikutajie. Anaweza kukataa, maana alichonunua ni korosho, si riba. Malipo ya mnada yanaweza kuchelewa na yeye akachoka kungoja. Na anaweza kukasirika akamfuata mkeo akamweleza yeye, kwa maneno yake. Ukienda, usiende peke yako kama ulivyokwenda Juni jioni. Chukua mtu mzima mnayeheshimiana naye nyote wawili, awe shahidi.

Ila kabla ya hizo zote kuna hesabu nyingine nimeipiga mara mbili nikidhani nimekosea. Mikorosho 45, magunia sita. Mikorosho yako wewe ni 20. Haifikishi magunia matatu, mwanangu. Inakaribia, lakini haifiki. Maana yake sehemu ya ulichouza barazani kwa mzee ilikuwa kwenye miti aliyopewa mkeo na mama yake. Daftari la chama linasema jina lako, kwa hiyo kwa karatasi hakuna atakayekushika. Kwa mila za huku, wewe mwenyewe umesema, ninazijua.

Ndiyo maana hili neno lako la kwamba mwanamume abebe mzigo wake mwenyewe limenitatiza. Linasikika vizuri. Lakini mzigo huu si wako peke yako, sehemu yake ni korosho za mtu mwingine, na hajaambiwa. Wakati mwingine kubeba peke yako ni namna ya kuhakikisha hakuna atakayeona ulichobeba. Na wanaosema "ni makosa yangu yote, niacheni" nimewasikia wengi, na mara nyingi hawataki kuhesabiwa, wanataka mazungumzo yaishe. Usiwe mmoja wao. Ukishaacha kuusingizia msimu, usihamie kwenye kujichapa, maana huko nako utakaa miaka mingine saba na madaftari ya mtoto hayatanunuliwa.

Unahofia kumwambia mkeo. Ungekuwa huhofii ningeshangaa. Anaweza kulia, anaweza kugomba, anaweza kumfikishia mama yake, na wajomba zake wakakuita uketi mkekani uulizwe maswali. Wanaweza hata kusema mikorosho ya mama yao irudi mikononi mwa binti yao. Siwezi kukuahidi kwamba atakuelewa, simjui. Lakini nimeisoma tena ile sentensi yake ya Septemba. Umeisikia kama dharau. Mimi nimesoma mara tatu, naona mama ambaye mtoto wake amemaliza la saba. Ada serikali imeondoa, lakini sare, viatu, madaftari, pengine godoro la bweni, havikuondolewa, na Januari haingoji. Aliomba kushika hela. Hukumuuliza kwa nini, ulimuuliza kama wewe ni mtoto. Sijui angejibu nini kama ungeuliza lile la kwanza.

Na hivi una hakika hajui? Mzee mnunuzi wa kangomba anasimama uani kwenu mwezi Oktoba, anasema msimu umefika, na mke aliyezaliwa kijiji hicho aamini alikuwa anapita tu? Huko kwenu hata kuku wanajua nani ananunua. Inawezekana anangoja kusikia kutoka kwako, na anaendelea kuchora mistari ili siku ukisema pawe na hesabu ya kuanzia. Inawezekana pia nimekosea na hajui kitu. Yote mawili yapo, na kwa yote mawili siku zinakwenda.

Ukiamua kumwambia, mambo mawili matatu kutoka kwa mtu aliyewahi kuwa upande wa pili. Marehemu mume wangu aliwahi kuniambia deni lake usiku, taa imezimwa, nimechoka. Sikulala, na asubuhi yeye alikuwa mwepesi na mimi nimebeba. Mwambie mchana, mkiwa hamjachoka, watoto wakiwa mbali. Mwambie kiasi chote, pamoja na ile laki na elfu arobaini, maana ukibakiza kitu kitakuja kusemwa na mwingine. Rafiki wa Masasi naye umtoe kwenye habari, maskini, hana hata taarifa kwamba amekukopesha. Na usimalizie kwa kumuuliza "sasa umenisamehe?" Mwulize anaonaje kuhusu magunia. Ni korosho zake pia. Labda ana wazo ambalo mimi na wewe hatunalo.

Kuhusu nani ashike hela, msiligeuze kuwa vita vya nani mkubwa. Kuna nyumba ambapo mke anashika na mambo yanakwenda, na kuna ambapo mke anashika na mume anageuka mwombaji wa nauli mwenye kinyongo, naye anaanza kukopa upya kwa siri. Kuna wanaokwenda chamani wakaomba mikorosho ya mke iandikwe jina lake, kila mmoja akalipwa yake, wakakubaliana nani anunue nini. Hilo linaondoa kishawishi, lakini linaweza kumfanya mume aone amevuliwa nguo mbele ya karani. Kuna wanaonunua kwanza mahitaji ya Januari siku ileile ya malipo, wakirudi nyumbani wamebeba viatu, halafu kilichobaki ndicho kinazungumzwa. Mimi hii ya mwisho naipenda, lakini napenda kununua vitu kwa hiyo usinitegemee sana.

Juni ijayo itakuja na maua yake, nayo itataka mashine na petroli. Elfu sabini. Iwekeni pembeni tangu Desemba, kwenye kikoba, kwa mama mkwe, chini ya godoro, popote ambapo wewe si mtu wa kwanza kuifikia. Laki tatu na sitini uliitafuta kwa sababu ulikuwa unahitaji elfu sabini na mchango wa ngoma. Mzee hakukulazimisha kuchukua yote, au alikulazimisha? Hilo nalo liandike kwenye daftari.

Niandikie baada ya mnada, nijue mmefikia wapi. Na kuna kitu nimekitafuta kwenye barua yako juu mpaka chini sikukiona. Mashina sita ya mihogo yaliyoliwa na mbuzi. Yule jirani mmemalizana naye vipi? Kama bado, mchukue huyo kijana wa miaka tisa mwende wote wawili, umwache aseme yeye kwanza.